Dari ya Boti ya Chande

Dari nimezipiga Ngamiani nzima,
tangu barabara ya kwanza mpaka ya ishirini:
jipsamu, hadibodi, mikeka kwa mwenye mfuko mwepesi.
Lakini sijawahi kupigia dari kitu
kinachoweza kuondoka.

Chande alinipeleka Sahare. Boti imepandishwa magogoni,
ndani kibanda cha kulala mmoja, kukaa wawili.
Juu, sitaha tupu: darumeti saba,
vichwa vya misumari vyenye kutu, na matone.
"Inatoa jasho," alisema. "Usiku inawadondokea usoni."
"Kina nani?"
"Wagonjwa wa visiwani. Tunaowavusha kwenda Bombo."

Tukatandaza sampuli mchangani.
Leza ya makochi, rangi ya damu ya mzee:
nzuri, ila kwenye joto inanata kama deni.
Zulia la gari: litakunywa chumvi,
halitakauka mpaka Kiama.
Plastiki nyeupe ndiyo aliyoipenda, inafutika kwa kitambaa.
Nikaigonga kwa kucha. Ikajibu kama ndoo.
"Mke wangu ana doti mpya ya kanga," akasema,
"ina maneno ya kuliwaza."
Nikamwambia: Chande, ukungu haujui kusoma.

Akaja nesi Mwanakombo, viatu mkononi.
Hakugusa sampuli hata moja.
"Fundi, panda. Lala."
Nikalala kwenye benchi, kofia kifuani.
"Sasa una uchungu. Mwendo wa saa mbili hadi Bombo.
Unatazama nini?"

Miaka kumi na tisa ya kazi,
na sijawahi kulala chali chini ya dari
kabla sijaipiga.

Basi mtiki. Wa Longuza, vipande vyembamba kama biskuti.

Pimamaji nililiweka kwenye darumeti;
povu likakimbilia kushoto, likagoma kurudi.
Nikalitia mfukoni. Ndani ya boti hakuna kunyooka,
kuna kufuatana tu.
Nikakata boksi la sabuni, nikalinyoa kwa wembe,
nikalijaribu, nikalinyoa tena,
mpaka likakubaliana na mgongo wa sitaha.
Ndipo nikashika msumeno.
Kila ubao niliupinda kwa maji ya birika,
kwa goti, kwa kuubembeleza.
Skrubu za shaba, maana chuma hulia machozi mekundu.
Baina ya ubao na ubao, nafasi ya sarafu,
pumzi ipite.

Siku tatu unga wa mbao machoni.
Shingo ikakaza; nikawa nawasalimu watu
huku nimeelekea mbinguni,
jirani akauliza nimeanza lini uchamungu.

Ubao wa nne, pale juu ya kichwa cha benchi,
ulikuwa na jicho.
"Huo una kasoro," alisema Chande, "utoe."
"Uache," alisema Mwanakombo.
"Macho nayo yanataka pa kushika."
Nikauacha.

Nyuma ya mbao zimebaki hesabu zangu za penseli:
arobaini na saba, arobaini na saba,
arobaini na sita na nusu,
na namba ya simu ya muuza gundi
ambaye mpaka leo ananidai.

Alhamisi wakaishusha, maji yamejaa. Sikwenda.
Nilikuwa nyumbani, Makorora, nimelala chali
chini ya bati tupu,
misumari inatuchungulia.
Nikamuuliza mke wangu:
miaka yote hii, wewe hutazama nini?
"Kinyozi hajinyoi," akasema,
akageukia ukutani.

Kisha, nilipodhani amelala:
"Lile tundu dogo. La kushoto.
Watoto wote watatu,
nilitazama lile."